Mbuzi na Mkono wa Bibi

Wiki tatu baada ya kumzika mama, nilikwenda Kasulu kununua mabati ya jiko, nikarudi Kibondo na kamera. Ilikuwa imewekwa juu ya turubai, kati ya pasi ya mkaa na redio zisizo na vifuniko: kisanduku cheusi chenye macho mawili, moja juu ya lingine, ile ambayo mpigaji huiinamia kama mtu anayechungulia kisima.

"Mzee wangu, hiyo weka kabatini wageni washangae," alisema kijana muuzaji. "Picha siku hizi ni simu."

Nilifungua mgongo wake, nikaielekeza kwenye mwanga. Jicho la chini lilikuwa na ukungu kidogo pembeni. Nikabonyeza. Ikalia cha, sauti ndogo, kama mtu anayeng'ata karanga. Nikalipa. Bei yake haikufika ya jogoo mzuri, ila hata ingefika ningelipa, maana sauti ile naijua tangu utoto.

Nimekulia Murungu, kwa bibi mzaa mama. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuanika mihogo kwenye mwamba. Tulikula ugali wa muhogo na maharage, na siku ya bahati kipande cha mgebuka, samaki mkavu wa ziwani, ambaye harufu yake ilifika mbali. Jirani akiinusa alikuja kutuamkia "Mwakeye" ya asubuhi kwa mara ya pili, na jua liko utosini.

Baada ya mavuno mpiga picha alikuja kwa baiskeli. Mkanda wake ulikuwa wa picha kumi na mbili, na hakuupeleka Kigoma kusafishwa mpaka zote ziishe. Ukipigwa wa kwanza, ulisubiri wenzako kumi na mmoja wapate sababu ya kuoga.

Mwaka mmoja alifika kwetu akiwa amebakiwa na picha moja. Bibi alikuwa hajawahi kupigwa picha maishani mwake. Alijipaka mafuta, akavaa kitenge cha kanisani, akasimama mbele ya nyumba na mbuzi wake, kamba mkononi. Mpiga picha akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaomba maji ya kunywa.

"Chungulia," aliniambia akiondoka, "lakini usiguse."

Nikachungulia. Bibi alikuwa ndani ya kioo cha kamera, mdogo, na rangi zake zote, ila yuko pembeni mno. Nilitaka awe katikati. Nikampungia mkono asogee kulia. Akasogea, na kwenye kioo akaenda kushoto. Nikapunga zaidi, akaondoka zaidi. Sikujua kwamba kioo kile hugeuza kulia kuwa kushoto. Nikamwona bibi anaisha, amebaki mkono, na kidole changu kikabonyeza. Nadhani nilitaka kumzuia asitoke.

Mpiga picha akarudi mbio na kikombe chake. "Nani kabonyeza?"

"Imelia yenyewe," nikasema.

Bibi alinitazama. Mpiga picha akaangalia namba, akasema ya kumi na mbili ndiyo hiyo, tumwombe Mungu.

Miezi miwili niliyosubiri picha ile nilichota maji bila kutumwa. Ilipokuja, mbuzi alikuwa ametoka vizuri sana, ndevu zake zote zinahesabika, na ukingoni mkono wa bibi umeshika kamba. Mpiga picha akaona aibu, akasema atarudia bure. Bibi akakataa. "Mimi nimeshapigwa."

Akaitundika ukutani. Wageni walipomuuliza yeye yuko wapi, aliweka kiganja kwenye ukuta wa udongo, pembeni ya picha. "Mimi nipo hapa," alisema. Wakacheka, naye akacheka kuwashinda.

Siku moja tukipukuchua maharage nikamwambia kwamba ni mimi niliyebonyeza.

"Najua," alisema. "Niliambiwa nitazame jicho la kamera. Mimi nilikuwa natazama kidole chako."

Alikufa bila kupigwa nyingine. Nyumba yake ilianguka kwa mvua, na pale sasa ni shamba la mahindi. Wapiga picha wa baiskeli wamekwisha, na kusubiri kumekwisha. Wajukuu wangu hujipiga picha hamsini kabla ya chai, na wote wanatoka wazima. Mama ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho, ukiniondoa mimi, aliyeijua sura ya bibi. Picha ya mbuzi niliikuta kwenye sanduku lake, ameizungushia kanga. Nikaitundika sebuleni. Mke wangu akataka kuning'iniza kalenda ya kanisa pembeni yake.

"Hapo pana mtu," nilimwambia. Akanitazama kidogo, akaipeleka kalenda chumbani.

Niliporudi kutoka Kasulu alinipokea mlangoni. "Na mabati?"

"Sikuyatafuta," nilisema. Siku hizi sisemi uongo.

Nikaiweka kamera mezani, nikaielekeza kwenye picha ya ukutani, nikaiinamia. Mbuzi akatokea kwenye kioo, na mkono, na kamba. Safari hii nilijua mambo ya kioo kile. Nikaigeuza kulia, polepole. Mbuzi akatoka, mkono ukamfuata, ukabaki ukuta mtupu umejaa kioo chote. Kamera haina mkanda, na Kibondo sijauona ukiuzwa. Nilimweka bibi katikati, pembeni ya picha, kama alipopagusa ukutani kwake, nikabonyeza. Ikalia cha.