Picha Iliyo Mfukoni mwa Mume Wangu Vitani Si ya Mtoto Wetu

Admin, nakuomba jina langu ulifunike kabisa, maana hapa mtaani Isevya, Tabora, ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakuja kukupa pole. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, nauza asali ya Sikonge pale mtaa wa Ng'ambo. Mume wangu ni mwanajeshi. Alipelekwa nchi jirani kulinda amani nikiwa na mimba yetu ya kwanza. Amani yenyewe siioni, kila nikifungua redio ni mapigano tu. Kambi yao iko porini, simu hazishiki, kwa hiyo tunaandikiana barua kama watu wa zamani. Mwenzao akija likizo anazibeba za wote, anavuka ziwa mpaka Kigoma, anapanda treni, na sisi wa Tabora tunamfuata stesheni. Akirudi anaondoka na majibu yetu.

Nilijifungua mtoto wa kiume. Mume wangu aliandika apewe jina la marehemu baba yake, Musa. Mama mkwe alifurahi jamani! Akawa anamwita mjukuu wake "mume wangu", na mimi ananitania kwamba sasa mimi ndiye mama mkwe wake, nimtunzie mume vizuri asije akakonda. Nyumba ilikuwa na raha.

Musa alipofikisha miezi mitatu alishikwa na homa. Tulimkimbiza hospitali, wakahangaika naye, kesho yake akafariki. Hata kuandika hapa naumia.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini nilitafuta kalamu nimwandikie baba yake. Mama mkwe akaninyang'anya mbele ya watu.

"Mtu aliye vitani hapelekewi kilio," akasema. "Hata babu zetu waliobeba mizigo kwenda pwani, hakuna aliyewatumia habari ya msiba njiani. Akili ikigawanyika, risasi inamkuta. Unataka nizike wawili?"

Wazee wote wakaitikia kwamba mama amesema kweli. Mimi mfiwa, maziwa yananiuma kifuani, ningebishana na nani?

Barua ya kwanza niliandika "mtoto hajambo" nikaishia hapo. Lakini mume wangu ana maswali huyo! Ameota meno? Anatambaa? Anafanana na nani? Ikabidi nimtazame Hamisi, mtoto wa wifi yangu, aliyezaliwa wiki chache kabla ya Musa. Wifi aliachika, anaishi nasi. Hamisi akiota jino, naandika Musa ameota jino. Hamisi akisimama, naandika Musa amesimama. Uongo ukishauanza unakula chakula kila siku kama mtu mzima. Akaomba picha. Mama mkwe mwenyewe akamvisha Hamisi shati jipya, akapigwa picha, tukaituma.

Majibu niliyasoma nimekaa chini. Aliandika: "Mke wangu, picha ya Musa naiweka mfuko wa kushoto wa gwanda. Juzi tulishambuliwa, mwenzangu akaanguka pembeni yangu. Mimi nikaushika ule mfuko, nikasema siwezi kufa kabla sijambeba mwanangu."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilimlilia mwanangu, nikamlilia na baba yake.

Sasa wiki hii imekuja barua nyingine. Mwezi ujao anapewa likizo, halafu atarudi kulekule. Anasema nisimwache Musa nyumbani, nimpeleke stesheni, anataka ambebe yeye mwenyewe mpaka nyumbani kwa miguu.

Mama mkwe akatuita mimi na wifi. Akasema, "Hamisi ni damu yetu. Kuanzia leo yeye ndiye Musa, na mwanangu akiuliza tutasema aliyefariki ni Hamisi. Mke wa mwanangu atamlea, na wewe binti yangu utaolewa tena bila mzigo."

Wifi akasema, "Mama, Hamisi si mzigo."

"Na kaka yako je? Aje akute kaburi la mwanawe, halafu arudishwe kwenye risasi na moyo ule? Unadhani atarudi mara ya pili?"

Wifi akainuka akaenda jikoni, nikamfuata. Tulipokuwa jikoni wawili akaniambia, "Wifi, nikikataa kaka akafa, mama atanitazama vipi? Nikikubali, nitaishi nyumba moja na mwanangu akiniita shangazi."

Mimi nikaendelea kupepeta mchele uliokwisha kuwa safi.

Mimi roho yangu inataka kumwambia mume wangu ukweli. Musa wangu yuko kaburini na baba yake hajamtolea hata chozi moja. Anamfurahia mtoto mwingine, wangu ni kama hakuzaliwa. Lakini nikikumbuka ule mfuko wa kushoto nakata tamaa. Nikimwambia sasa, habari itamkuta kulekule vitani. Nikimwambia akija, atarudi na nini mfukoni? Na nikinyamaza, namnyang'anya wifi mtoto mchana kweupe, naye hajanikosea kitu. Kila mteja ananiuliza kama naumwa.

Linalonitisha zaidi ni kwamba kuna saa na mimi natamani iwe kweli. Jana Hamisi aliamka, akanikuta uani, akanishika kanga na kuniita mama. Nikaitika. Wifi alikuwa amesimama mlangoni.

Naombeni msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini hasa nyie mlio na waume au watoto jeshini. Askari aliyeleta barua anarudi kambini Alhamisi na anasubiri jibu langu. Karatasi iko mbele yangu, nimeandika "Mume wangu mpenzi" tu. Ndugu zangu, hapo chini niandike nini?