Beseni la Bluu

Mtaa mzima ulimwita Mama Beseni, naye hakuchukia. Siku mgeni alipokuja kuhutubia juu ya kutunza mazingira, watu walipiga makofi mpaka viganja vikauma, na kila nyumba ikapewa mche wake. Maneno yalikuwa matamu, lakini kumwagilia ni kazi. Kabla mvua hazijarudi, miche mingi ilikuwa imebaki vijiti vya kuanikia matambara. Wa Mama Beseni ulikuwa umemfika begani. Wifi yake, aliyeishi naye, alikuwa amechoka kukatazwa kumwaga maji. Ya kuoshea mchele, ya kunawia uso, yote yaliingia kwenye beseni la bluu lenye ufa uliozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Mama Beseni alilibeba kiunoni, akainama, akachomeka kwanza kidole gumba kwenye udongo, kama anayepima joto la uji wa mtoto, kisha akamimina taratibu.

Siku waliyomzika mumewe, waombolezaji walinawa mikono mlangoni mpaka beseni likajaa. Wifi akamwona mjane anainuka mkekani, macho yamevimba, anaelekea mlangoni.

"Wifi, leo kaa chini. Maji tutayamwaga sisi."

"Msiyamwage," mjane alisema kwa sauti ya chini. "Mti haujui kwamba tuna msiba."

Wifi akashika ukingo wa pili wa beseni, wakatoka pamoja. Walipofika, wifi ndiye aliyeinama akachomeka kidole gumba kwenye udongo.