Tambi za Saa Tano Mchana

Haya, sogeeni, na aliyeshika kikombe akiweke chini asije akapaliwa. Hii naisimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na majirani, maana wao wataipunguza.

Mwajua Ramadhani mimi ndiye mwamsha daku wa mtaa wetu hapa Kilindoni. Nikilipiga debe langu, hata samaki wa Chole wanaamka wakatia nia. Na mchana nikimwona mtu midomo mibichi, namwita kobe mbele za watu, yaani mla kwa kujificha. Namcheka mpaka anabadili njia.

Sasa mwaka jana, kumi la mwisho, mke wangu kavuka kwenda Chole kumuuguza mama yake. Nimebaki peke yangu kwenye nyumba yetu ya kupanga, ghorofa ya pili. Saa tano mchana njaa ikanishika, ile ya kumla mtu na viatu vyake. Sikuwa mgonjwa, sikuwa msafiri. Nikafunga dirisha, nikapika tambi, tui zito, sukari, hiliki. Sufuria nzima.

Nimeinua kijiko cha kwanza, hodi.

"Mwanangu, upo?"

Bi mkubwa wa chini, yule anayeniletea futari kila mke wangu akisafiri. Moyo ulinidunda mpaka masufuria yakagongana. Nikamimina tambi zote kwenye sinki, nikazisukuma kwa mwiko, nikafungulia maji, kisha mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niazime mbuzi yako, nikune nazi ya futari yako."

Naitafuta mbuzi, huku sinki linajaa. Maji meupe yakafika ukingoni, yakamwagika, yakatufuata miguuni.

"Limeziba hilo," akasema. "Fundi yuko kwangu anatengeneza koki. Ngoja nimwite."

"Usimsumbue, mama. Nitazibua mwenyewe baada ya Idi."

"Baada ya Idi jengo lote litakuwa magofu ya Kua."

Fundi akaja, akapiga magoti chini ya sinki, akatega ndoo, akafungua kiwiko cha bomba. Jamani, lile bomba lilitapika. Tambi zilitoka ndefu kama kamba ya nanga, ungezivuta ukafika Ras Mkumbi bado zinakuja. Fungu moja likamwangukia fundi mkononi. Akautoa mkono mbio, anaupuliza.

"Kaka, hizi zinaunguza."

"Za daku hizo," nikasema.

"Daku la leo alfajiri?"

"Ndiyo. Huku juu ghorofani vitu havipoi."

Fundi akainamisha uso kwenye ndoo, mabega yanamtikisika. Bi mkubwa hakucheka. Alitazama tambi, akatazama mbuzi niliyoishika, akanitazama mimi. Angenitukana ningepata pa kujibu. Mama wa watu, na uzee wake ule, amefunga, kapanda ngazi zote zile ili anikunie nazi. Mimi na mdomo wangu wa kuwaita wenzangu kobe. Nilitamani nipite kwenye lile bomba nitokee baharini, maana sasa lilikuwa wazi.

Akaipokea mbuzi yake ya kuazima, akaenda mpaka mlangoni, akageuka.

"Kesho alfajiri lala tu, mwanangu, usituamshe. Sisi ndio tutakuja kukupigia debe saa tano mchana."