Mawazo Yetu Yako Pamoja Nanyi

Sogeeni, nafasi ipo. Leo nataka kuwasimulia habari za Flaviana, yule mama wa Alief, mtaa wetu huku Amerika, aliyekuwa na "mimi" nyingi kuliko mtu yeyote niliyepata kumfahamu.

Kama hamjawahi kusali kwenye kanisa lenye mkalimani, mambo huwa hivi. Mhubiri anasimama na maikrofoni yake, na mkalimani pembeni na ya kwake. Mhubiri akisema kwa Kiingereza kwamba yeye ni mwenye dhambi, mkalimani hasemi "anasema yeye ni mwenye dhambi." Anasema, "Mimi ni mwenye dhambi." Mhubiri akilia, na mkalimani sauti imkatike kidogo. Flaviana alifanya kazi hiyo kila Jumapili mchana, bila mshahara, katika jengo ambalo kanisa kubwa la Wamarekani liliwaachia Waswahili walitumie baada ya ibada yao wenyewe. Kwa kinywa chake alikwisha kuwa mwanajeshi mstaafu, mlevi aliyeokoka, mjane wa Luiziana, na mara moja baba wa watoto wanne aliyepotea porini akiwinda kulungu.

"Umeota tena," mume wake Kamugisha alimwambia asubuhi moja, akijimiminia chai.

"Nimesema nini?"

"Umesema, 'mimi kama baba wa watoto wanne.' Nikabaki macho najiuliza, basi mimi humu ndani ni nani."

Kamugisha ni mtu wa Karagwe, dereva wa lori, na utani wake huja taratibu kama lori lenyewe linapopanda mlima. Alikuwa akimwambia mkewe, "Wewe ni bomba. Maji yote yanapita humo, safi na machafu, ila bomba lenyewe halijawahi kunywa."

Flaviana alicheka, maana alipenda kuwa bomba. Siku za kazi alikuwa muuguzi msaidizi kule kwenye mtaa wa mahospitali, huku anaitwa, kule anaitwa. Jumapili ilikuwa tofauti. Neno liliingia sikioni likiwa Kiingereza, na lilipofika ulimini lilikuwa Kiswahili, na hapo katikati palikuwa na nafasi ndogo, kimya, kama mtu aliyezamisha kichwa ndani ya maji. Humo hakuwa mke, wala muuguzi, wala mgeni wa nchi. Alikuwa anaelea tu. Aliniambia mwenyewe kwamba zipo Jumapili alitamani mhubiri asimalize.

Halafu ikaja ile mvua ya Agosti 2017. Ilikuja ikakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Kutoka ghorofani kwake Flaviana aliona mtaa unageuka mto, taratibu, bila kelele. Mapipa ya taka yaliondoka mlangoni kwa watu, yakapita moja nyuma ya jingine kama waombolezaji, vifuniko vikifunguka na kujifunga kama midomo. Sisimizi wekundu walishikana wakawa mkeka, mkeka ukaelea na malkia wao juu yake. Taa za barabarani ziliendelea kubadilika, kijani, njano, nyekundu, na chini yake hapakuwa na gari hata moja la kutii.

Nyuma ya kanisa, nyuma pia ya zile nyumba za kupanga, upo mtaro mpana wa kupitishia maji. Watu wa huku huuita bayu. Ulikuwa umejaa tope miaka mingi, kwa hiyo maji yalipofika hapo yalikosa pa kwenda, yakarudi kwa watu wa chini. Mmoja wao alikuwa Mama Bernadette, mjane kutoka Bukavu, fundi cherehani. Kiingereza hakijui. Barua ya mwenye nyumba, daktari, benki, mahubiri, Amerika yote ya Mama Bernadette ilipitia kinywani mwa Flaviana. Cherehani yake ilikaa ndani ya maji mpaka ikaota kutu ya rangi ya machungwa, na yeye akaiweka nje juani, akawa anaisemesha kama mtoto anayetoka homa.

Jumapili ya kwanza baada ya maji kupungua, wenye jengo walimtuma mgeni. Alikuwa mtu mpole, macho yamemlengalenga, na akasema lile neno la faraja ambalo Wamarekani husema mahali penye msiba. Flaviana alilitoa kama lilivyoingia: "Mawazo yetu na sala zetu viko pamoja nanyi."

Sasa, kwetu mnajua mtu mwenye mawazo ni mtu gani. Ni mtu asiyelala. Ni mtu anayekonda.

Baada ya ibada, kwenye chai, Mama Bernadette alimvuta Flaviana mkono. "Mais, ma fille, binti yangu. Ile mawazo yao, wametuletea ya nini? Siye tuko na yetu. Nyumba imejaa."

"Mama, siyo mawazo ya hivyo. Ni kwamba wanatufikiria."

"Wanafikiria nini?"

Flaviana alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu pembeni wa kumpa neno.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa serikali, na maneno yakawa yaleyale. Akaja mwingine, yaleyale. Utani ukaenea nyumba hadi nyumba: mtoto akikohoa, "hayo ni mawazo yao", gari likigoma kuwaka, "hilo limeingiwa na mawazo." Watu walicheka, lakini mtaro ulikuwa palepale na tope lake. Wazee wa kanisa walimwendea Mchungaji Nderitu, Mkenya, mtu mwema asiyependa ugomvi. Jumapili, akihubiri kwa Kiingereza kama kawaida yake, akasema jambo la mtaro ni la serikali. Wakamngoja mtu wa serikali. Naye, akiwa amesimama palepale madhabahuni, akasema jambo kubwa kama hili tumwachie Mungu. Na yote mawili Flaviana aliyatafsiri kwa "mimi" ileile, Jumapili mbili zinazofuatana.

Hapo ndipo ndoto zikabadilika. Maji yalikuwa yanapanda ngazi ya nyumba yake polepole, yamebeba maneno badala ya mapipa, na yeye amekaa kwenye kochi linaloelea, anayaokota moja moja na kuyatia kinywani. Akijitazama kwenye kioo, anaona kioo kina mdomo tu. Hata siku ya kiapo cha uraia, mwaka uliofuata, aliinua mkono akasema "mimi", na katikati ya sentensi akakumbuka kwamba hata hiyo anafuatisha ya mtu.

Oktoba 2018, Mchungaji Nderitu alimkuta kwenye maegesho ya kanisa.

"Dada Flaviana, Jumapili tuna mgeni. Anakuja kutusalimia tu."

"Mgombea?"

"Mgeni."

"Mchungaji, ni yule mwenye picha kwenye uzio wa kituo cha mafuta."

"Kwani mgeni hawezi kuwa na picha?" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Wenye jengo ndio wanamleta, dada. Nikikataa, tutasalia wapi?"

Flaviana alimwonea huruma. Akampitia Mama Bernadette kumpa habari. Yule mama alikuwa anashona kwa mkono kanzu ya mtu, cherehani iko pembeni imefunikwa kitambaa.

"Naye atakuja na mawazo?"

"Nadhani, Mama."

"Akikuja nayo, umuulize, kwa ajili yangu. Ile bayu watafungua lini."

"Mkalimani haulizi, Mama."

"Ni nani alisema?"

Flaviana alitafuta ni nani alisema. Hakumpata.

Kamugisha alimsikiliza hadi mwisho bila utani wowote. "Ukiuliza watakutoa pale."

"Najua."

"Na unapapenda."

"Najua, Kamugisha."

Jumapili ikafika. Mgombea alikuwa mrefu, viatu vya ngozi ya ng'ombe, na sauti nzuri, ile sauti ya redio inayokuamsha bila kukushtua. Flaviana alijikuta anaelea tena. Alisema "mimi ni mtoto wa mkulima," alisema "mimi nilimpata Mungu nikiwa kwenye trekta," na kanisa likajibu amina. Watu walijipepea kwa vipepeo vya karatasi. Mwanga wa mchana uliingia kwa dirisha la rangi, ukamchora bluu upande mmoja wa uso, na akatamani, kama zamani, asimalize.

Kisha mgombea akashusha sauti, akataja mafuriko.

"Mawazo yetu," Flaviana alianza.

Akateremsha maikrofoni.

Mama Bernadette, benchi la tatu, alikuwa ameinua mkono. "Ile mawazo gani?" aliuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei. Kicheko kilipita kanisani chinichini.

Mgombea akatabasamu, akauliza yule mama anasema nini. Mchungaji Nderitu alimtazama Flaviana, akatikisa kichwa kidogo sana.

Nawaomba mkumbuke kazi ilivyo. Miaka yote hiyo maneno yalikuwa yanateremka tu, kutoka madhabahuni kwenda mabenchi. Hakuna aliyewahi kuyapandisha. Flaviana aligeuka, akamwangalia mgombea, na akafuata sheria ya ukalimani kama alivyoizoea. Alisema kwa Kiingereza safi:

"Mimi nakaa hapa nyuma, nyumba ya chini. Mimi ni fundi. Cherehani yangu ilizama kwa sababu mtaro wenu umejaa tope. Mtausafisha lini?"

Mgombea alimshika Flaviana bega. "Pole sana, mama, kwa cherehani yako," alimwambia yeye. Kisha akasema suala hilo ataliangalia.

"Anasema ataliangalia," Flaviana alitafsiri, na wala hakutambua kwamba safari hii hakusema "mimi".

"Bien, vizuri," alisema Mama Bernadette. Akachukua mkoba wake, akasimama. "Tuende sasa. Si ni hapa nyuma."

Hakuwa anatania. Mtu amesema ataangalia, na kitu chenyewe kiko nyuma ya ukuta. Mama mmoja akainuka naye, wakafuata wengine, kwa heshima kabisa, kama wanavyoinuka kwenda kutoa sadaka. Mgombea aliteremka madhabahuni, akapiga hatua kuelekea mlangoni, na nitawaambia ukweli, nadhani alitaka kwenda. Lakini msaidizi wake alimgusa kiwiko, akamwonyesha saa. Walikuwa wanangojwa kanisa jingine. Akampa mchungaji mkono, gari likaondoka.

Waumini walisimama kwenye ukingo wa mtaro na vitenge vyao vya Jumapili. Maji yalikuwa machache, ya rangi ya chai ya maziwa. Korongo mweupe alisimama kwa mguu mmoja juu ya kochi la mtu, kochi lililofika hapo wakati wa mvua na tangu hapo halijaulizwa na mwenyewe. Upepo ulikuwa unavuta nyasi upande mmoja. Hakuna aliyehubiri. Palikuwa na kimya kilekile Flaviana alichokijua, kile cha kichwa ndani ya maji, ila sasa walikuwa humo wote.

"Haya sema," Mama Bernadette alimwambia.

"Niseme nini, Mama? Hakuna anayezungumza."

"Njo maana."

Flaviana akatazama mkononi. Alikuwa ametoka na maikrofoni, ile isiyo na waya. Akaileta mdomoni kwa mazoea.

"Mimi," alisema, akangoja. Hakuna neno lililokuja kutoka sikioni. "Mimi ni Flaviana. Nimechoka kuwaambia kwamba wako pamoja nasi. Sijawaona."

Mchungaji Nderitu alikuwa amebaki peke yake kanisani, anaokota vipepeo sakafuni. Sauti ikatoka kwenye spika zote, ikajaa kanisa tupu. Alikwenda kwenye mashine, akaweka kidole kwenye swichi. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alikusudia kuzima. Akasimama hivyo, akasikiliza, Flaviana akitaja waliolala kwenye magari, akitaja cherehani, akitaja tope. Mwisho akaongeza sauti kidogo, akafungua milango yote miwili.

Wenye jengo waliomba apatikane mkalimani mwingine. Flaviana aliirudisha maikrofoni, akahamia benchi la tatu, na ukimwangalia vizuri pale mwanzoni ulikuwa unaona midomo yake inacheza peke yake. Siku hizi anamtafsiria Mama Bernadette kwa kunong'ona, kwenda na kurudi. Na mtaro? Nikisema ulisafishwa nitakuwa nawadanganya. Ulipimwa. Walikuja watu wenye vizibao vya rangi ya machungwa, wakachomeka vibendera ukingoni, na vibendera bado vipo. Mchungaji Nderitu ndiye anayekwenda na wazee kule ofisini kuviulizia, na Flaviana huenda nao, kwa kinywa chake.

Asubuhi moja Kamugisha alimwambia, akijimiminia chai, "Umeota tena."

"Nimekuwa nani?"

"Sijui. Umesema 'mimi', halafu ukageukia ukutani ukaendelea kulala." Akakoroga chai yake. "Ila sauti nimeifahamu."