Kitambaa Juu ya Kompyuta

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti, hapa Kakamega, nikingoja kuchapisha barua, kompyuta ya mezani ikaganda.

"Inagandanga tu hivi," mzee mwenye saiba alimlalamikia fundi aliyemwita. "Watu wanasema ni hii mfumo ya bure uliniwekea."

Siku za nyuma fundi alikuwa ameshabadilisha memori na kuweka upya mfumo unaoendesha kompyuta. Safari hii aligusa ubavu wa mashine, akautoa mkono haraka. Akainua kitambaa cha kufuma kilichoifunika, kama vile tunavyofunika makochi na redio nyumbani.

"Mzee, si mfumo. Hii kitambaa imeziba hewa, mashine inachemka. Itoe."

Mzee alikikunja polepole. "Mama watoto alifuma hii akiwa wodini. Ndiyo kazi yake ya mwisho."

Kompyuta ikafanya kazi bila kusita.

Jana nilirudi. Kitambaa kilikuwa juu ya mashine, kimenyooshwa vizuri, na skrini imeganda. Mteja mmoja alitoka akisonya. Kabla sijasema neno, mzee aliinua kiganja.

"Najua. Lakini bila hiyo kitambaa siwezi kuketi hapa."

Tumeulaumu sana ule mfumo wa bure. Kumbe mle saibani, kitu pekee kilichokuwa kizima ni huo mfumo.