Sauti ya Verlene Applewhite kwa Kasi Yake

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa mbili kamili asubuhi, niliuweka utepe wa sauti wa Verlene Applewhite ndani ya mashine ya kukaushia matunda na kuitegesha kwenye joto la nyuzi hamsini na nne. Ulikaa humo kwa muda wa saa nane. Saa kumi jioni niliizima mashine, nikauacha utepe upoe hadi asubuhi ya pili. Tepe za miaka ile hunyonya unyevu mpaka gundi yake ikawa kama uji. Ukizichezesha zikiwa mbichi, huganda kwenye mtambo, na sauti ikabanduka nazo.

Bi Verlene alikuja mwenyewe kuangalia kazi kwenye karakana yetu ya kuokoa tepe za zamani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mpishi mstaafu wa shule, na alivuta kiti akakaa mbele ya ile mashine kama mtu aliyeweka mkate humo.

"Kendrea, hii si ya kukaushia pichi?"

"Ndiyo, Bi Verlene."

"Makubwa. Miaka thelathini nawapikia watoto wa watu, leo nami napikwa." Aliinama akanusa. "Basi usiniunguze, mwanangu."

Hapa Orange Mound, mtaa wetu wa Memphis, kila aliyezidi miaka hamsini alijua kisa chake, ila walikijua kombo. Mwaka 1974, akiwa na miaka ishirini, Verlene alirekodi wimbo ulioitwa "Mlango Hauna Komeo" katika studio iliyokuwa zamani karakana ya magari. Mtayarishaji wake, marehemu Odell Crenshaw, aliona wimbo umetulia mno kwa redio. Siku ya kuchonga santuri aliuongeza kasi kidogo, wala hakumwambia mtu. Sasa wimbo ukiongezwa kasi, sauti nayo hupanda. Ile ya Verlene ilipanda nusu toni ikawa nyembamba na kali, kama ya msichana wa miaka kumi na sita. Redio za Memphis ziliupiga majira yote ya joto.

Kisha yakaja maonyesho. Wapiga vyombo walijifunza wimbo kwa kusikiliza santuri, kwa hiyo waliupiga palepale juu sauti ya santuri ilipokuwa. Ukumbini Jackson, Mississippi, Verlene alipofika kwenye ukelele unaoufunga wimbo, sauti ilikatika. Alijaribu tena, ikakatika tena. Mwanamume mmoja alisema kutoka nyuma, "Mleteni aliyeimba," na ukumbi ukacheka. Ikawa hivyo katika maonyesho matatu yaliyofuata. Kufika Krismasi hakuna aliyempigia simu.

"Na mimi niliwaamini," aliniambia akiwa bado anaitazama mashine. "Nilidhani nimeliua koo langu. Nilikunywa asali na ndimu mwaka mzima. Mama alinizuia hata kumwita mbwa kwa sauti."

Miongoni mwa wapiga vyombo wa usiku ule alikuwamo kijana wa kinanda, Alphonso Mabry. Sasa ndiye kiongozi wa kwaya kanisani kwetu. Si mtu mbaya. Lakini kila mwaka, inapokaribia Siku ya Akina Mama na kwaya inagawana nafasi za mtu kuimba peke yake, husema, "Dada Verlene ningempa, ila tunamngoja yule aliyeimba kwenye santuri." Watu hucheka, naye Bi Verlene hucheka pamoja nao, kisha hurudi mstari wa nyuma.

Alichokitaka alikitaja mara moja tu, kwa maneno machache. "Nataka waisikie ilivyotoka mdomoni mwangu. Alphonso akiwamo. Baada ya hapo wacheke wapendavyo."

Jumatano asubuhi niliuchezesha utepe. Ulikuwa haujaguswa na mkono wa Crenshaw, maana yeye alibadilisha kasi baadaye, wakati wa kuchonga. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa nzito zaidi, yenye nyama, na ule ukelele wa mwisho haukuwa ukelele hata kidogo. Mwanamke mzima alikuwa akidai haki yake mlangoni.

Bi Verlene alisikiliza mpaka mwisho, mkoba mapajani.

"Huyu namjua," alisema. "Yule mwingine nilikuwa namsikia redioni tu, kama nyie."

Mimi nilisomea ufundi wa sauti chuoni kwa miaka miwili, na nilifundishwa kutosema jambo ambalo sijalipima. Umeme wa nchi hii hunguruma kwa mitetemo sitini kwa sekunde, na ngurumo hiyo ilikuwa imeingia kwenye utepe kupitia gitaa kabla wimbo haujaanza. Kwenye utepe niliipima: sitini. Kwenye santuri ndogo ya 1974: karibu sitini na nne. Umeme haukuongeza kasi siku ile. Crenshaw ndiye aliyeongeza.

Kazi hiyo tuliagizwa na kampuni ndogo ya kaskazini mwa Uingereza, inayokusanya nyimbo za soul zilizosahaulika na kuzitoa upya. Mkusanyaji wake, Bwana Colin Hathersage, aliupenda wimbo ule kuliko watu wote niliowahi kusikia wakiuzungumzia. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kwa mabishano.

"Sina shaka hata chembe," alisema. "Umepima vizuri sana. Kwa kweli niliwahi kuhisi hivyo."

"Basi tutumie wa kwenye utepe."

"Ah, hapana, hapana. Sikiliza, binti. Huku kwetu watu wameucheza wimbo huu miaka arobaini. Miguu yao inaijua ile kasi. Nikiwapa mwingine watasema nimewauzia bandia."

"Bwana Hathersage, bandia ni huo walio nao."

"Inawezekana. Lakini ndio walioupenda."

Mtu mbishi ningejua la kumfanya. Huyu alikubali kila hoja niliyomtolea, akanishukuru, na jambo likabaki pale lilipokuwa. Nilimpigia mara nne. Mara ya nne alisema albamu ina nyimbo kumi na tano na mwishoni kuna nafasi ya mmoja zaidi. Wimbo wa utepe ungeingia hapo, wa kumi na sita, na mimi niandike maelezo mafupi ya kijitabu cha ndani ya kasha. Niliandika sentensi tatu, kwamba santuri iliongezwa kasi na kwamba sauti ya utepe ndiyo yake halisi. Nilizisoma kwa Bi Verlene, naye akaomba neno "kosa" libadilishwe liwe "uamuzi", kwa kuwa Crenshaw alishakufa na mjane wake bado anasali nasi.

Diski zilifika mwezi wa Septemba. Sentensi zangu tatu hazikuwamo. Wimbo wa kumi na sita ulikuwapo, na baada ya jina lake yalichapwa maneno haya katika mabano: toleo la polepole.

Nilimwandikia Bwana Hathersage siku hiyohiyo. Alijibu kwa upole kwamba mchapaji alikosa nafasi, na kwamba, tukisema kweli, je, si wa polepole kuliko ule mwingine?

Sikuwahi kumwonyesha Bi Verlene jibu lile. Alikuwa ameshatangaza kwamba Jumapili, baada ya ibada, watu wasiondoke.

Chakula kilikuwa kambare wa kukaanga na tambi, ukumbi wa chini ya kanisa. Bi Verlene alisubiri sahani zijae, akapiga kwanza wimbo ule waliouzoea redioni. Watu walitikisa vichwa, wengine wakaufuatisha. Kisha akapiga ule wa kumi na sita. Ukumbi ulitulia. Kwa dakika tatu nilidhani jambo limekwisha.

Ndugu Alphonso alichukua kasha, akavaa miwani, akaligeuza.

"Toleo la polepole," alisoma. "Aa, kumbe. Siku hizi kompyuta haishindwi. Dada Verlene, wamekupunguzia kasi mpaka ukafika."

Kicheko kikaenda meza hadi meza.

"Alphonso, hiyo ndiyo sauti yangu. Ile nyingine ndiyo iliyoongezwa."

"Sawa, dada. Hata huyu kambare wangu ameongezwa."

"Wewe ulikuwa Jackson. Ulipiga juu ya koo langu usiku ule."

"Nilipiga palipopigwa kwenye santuri. Ningepiga wapi?" Hakuwa akitania tena, aliuliza kweli. "Haya, tuseme ni hivyo. Imba basi hapa, hapo ilipo hiyo polepole. Nitakupigia kinanda mwenyewe."

"Nina miaka sitini na mitatu," alisema Bi Verlene. "Hiyo ni ya ishirini. Nitaitoa wapi?"

"Si ndiyo hapo sasa," akasema mtu wa meza ya pili, na kicheko kikarudi.

Mimi huwa sisimami mbele za watu. Siku hiyo nilisimama. Niliwaeleza kasi ya santuri na ngurumo ya umeme, sitini na sitini na nne, kwa utaratibu, bila kuruka hatua. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipomaliza, shemasi mmoja aliinua mkono akauliza kama naweza pia kuiondoa ngurumo ya maikrofoni ya mimbarani.

Nilimrudisha Bi Verlene nyumbani kwa gari langu. Alikuwa ameifunga sahani yake kwa karatasi ya alumini, na hakuigusa.

"Uliniambia wataandika."

"Niliandika. Wao walikata."

"Mwambie aandike upya."

"Nimemwambia. Anasema mpaka albamu itolewe tena."

"Itatolewa tena?"

"Ikiuzika."

"Itauzika," alisema. "Wazungu wale wanampenda sana yule msichana." Alifungua mlango. "Wa kwangu sijui nani atamnunua."

Iliuzika. Mnamo Septemba 2018 albamu ilitolewa tena, safari hiyo kwa santuri, katika jalada zito la kupendeza. Bwana Hathersage alitimiza ahadi: sentensi zangu tatu zilichapwa zote, bila kupunguzwa hata nukta, pamoja na jina kamili la Verlene Applewhite. Upande wa pili wa santuri haukutosha nyimbo nane. Wimbo wa kumi na sita uliachwa.