Chujio la Bi Mwanahamisi

Enzi zetu, sisi tuliokulia Bukoba mjini wakati Mwingereza bado anatawala, mtoto hakujua kuchoka. Asubuhi shule, ubao wa mkononi kwapani. Mchana mchezo wa rede, kukwepa mpira wa matambara hadi ufumuke. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika tulikimbizana nao kwenye majani yenye umande, tukarudi na miguu mibichi na matumbo yanayosubiri kikaango. Mfukoni hamkukosa kahawa ya kutafuna. Ukisema una njaa, mama anakuuliza, "Migomba imeisha?" Nikiwaambia wajukuu zangu kwamba burudani yetu kubwa ilikuwa kumimina maji kwa kopo, wanatazamana na kucheka.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Jirani yetu, Bi Mwanahamisi, alikuwa mtu wa Tanga. Mumewe, Mzee Salimu, alifanya kazi kwenye meli iliyozunguka ziwa kutoka Kisumu, akamwoa likizoni na kumleta huku kwetu. Siku za mwanzo mama huyo alishuka ufukweni, akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akayaonja, kisha akayatema. "Makubwa yote haya," alisema, "na hayana chumvi!" Basi likizo iliyofuata mumewe alimletea bahari yenyewe: madebe ya maji, mengine ya akiba, gunia la mchanga wa pwani, na visamaki vinne vyenye mistari myeusi ndani ya chupa kubwa. Njia nzima ya treni alikuwa akiitikisa ile chupa ili visikose hewa.

Fundi mmoja mjini aliwatengenezea tangi la vioo. Shida ikawa kuyasafisha maji, maana umeme hatukuwa nao na bahari haikuwa karibu kiasi cha kwenda kuteka mengine. Kwanza walichuja kwa kipande cha kitambaa cha merikani. Kikaziba kwa utelezi. Wakajaribu sifongo, ikanuka. Mwishowe Mzee Salimu alitoboa debe matundu madogo chini, akalipaka lami ndani lisishike kutu, akaliacha likauke juani mpaka harufu ikaisha. Akapanga kokoto, juu yake makaa yaliyooshwa, na juu kabisa mchanga wa pwani. Debe likawekwa juu ya tangi. Mimi na dada yangu Kemilembe tulichota maji kwa kopo, tukayamimina juu, nayo yakadondoka chini taratibu, maangavu, yakiingia na hewa. Sauti ile ya matone bado ninaisikia.

Bi Mwanahamisi alikuwa na masharti. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matamu, usiongeze chumvi, kwa sababu chumvi haipai, hubaki. Makaa yabadilishwe yakichoka. Lakini mchanga usiguswe. "Mchanga huu una uhai," alituambia. "Wa kwanza, kule kwetu Tanga, niliuosha ukang'aa, samaki wakafa wote. Ukichafuka sana, suuza kidogo tu, tena kwa maji yaleyale ya tangi."

Sasa bibi yangu, mzaa baba, alikuja kututembelea kutoka kijijini Ijumbi, ndizi kichwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alikuta Bi Mwanahamisi amepelekwa hospitali kujifungua, na Mzee Salimu yuko ziwani. Bibi alikuwa Mlutheri wa siku nyingi, na kwake uchafu ulikuwa ndugu wa dhambi. Akaingia kumfanyia jirani usafi. Alifagia, akafua, akasugua vyungu. Akaliona lile debe, limejaa ute wa kahawia. Tuliporudi shule tulimkuta ameshalisugua, mchanga ameuchemsha na kuuanika, na kila kitu amekirudisha mahali pake. Alikuwa anatabasamu. Nani angemwambia Bibi?

Siku chache baadaye Bi Mwanahamisi alirudi na mtoto mchanga. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na samaki walikuwa juu wakihema. Alishika ukingo wa meza, akamtazama kila mmoja wetu.

"Nani amefungua chujio?"

Bibi hakuelewa maneno, ila alielewa uso. Akamuuliza Kemilembe kwa Kihaya. Alipoelezwa, alikaa chini, mikono kichwani. "Waitu, jamani, nimeua samaki wa watu! Mwambie nimekosa."

Bi Mwanahamisi alinikabidhi mtoto, akapiga magoti mbele ya Bibi. "Mwambieni hivi: nimekuta nyumba inang'aa na maji ya kuoga yanachemka. Tangu nitoke kwetu hakuna aliyenifanyia hivyo. Mama hakosi kwa kupenda usafi. Na ainuke, tuna kazi."

Tukafanya kazi kweli. Tuliwanyima samaki chakula ili wasizidi kuchafua. Tulitoa nusu ya maji, tukajaza ya bahari ya akiba yaliyokuwa stoo. Mchanga wa chini ya tangi, ambao Bibi hakuufikia, tulichota kidogo tukautandaza juu ya debe, ili uhai uliosalia humo uuambukize ule uliochemshwa. Kisha tukaanza kumimina. Sisi tulipokwenda shule, Bibi alimimina. Kahawa yake huko Ijumbi ilikuwa inaiva, watu wakamtumia salamu arudi. Akajibu kwamba haondoki mahali alipoharibu.

Samaki mmoja alikufa. Watatu walishuka tena chini, wakaanza kufukuzana. Siku maji yalipong'aa, Bibi alichovya kidole akalamba, akakunja uso.

"Nani ametia chumvi yote hii?"

"Mungu, mama," Bi Mwanahamisi akajibu, akacheka hadi akalia. Akaanza kusimulia kwao, jinsi maji yanavyokimbia na kurudi, na Kemilembe akitafsiri. Bibi hakuwahi kuiona bahari maisha yake yote, ila tangu siku hiyo aliizungumzia kama kijiji alikoozesha binti.

Mzee Salimu alihamishiwa Kisumu. Wakaondoka na samaki wao ndani ya chupa. Bandarini Bibi aling'ang'ania mkono wa Bi Mwanahamisi mpaka meli ikapiga honi, na kila mmoja alisema maneno mengi kwa lugha yake. Hatukuonana tena.

Mjukuu wangu aliyeko Mwanza ana tangi la samaki sebuleni. Chujio lake ni la umeme, linanguruma lenyewe mchana kutwa, naye yuko kwenye simu. Samaki akifa, jioni amenunua mwingine. Ni maendeleo, sikatai. Viganja vyetu vilikuwa vikichubuka kwa lile kopo. Ila nilipomtembelea, nilikaa mbele ya kile kioo saa nzima nikitazama, na watu wa nyumba walipita nyuma yangu, mmoja mmoja, bila yeyote kuuliza ninamkumbuka nani.